Kwa Nini Watu wa Igunda Huita Majina Mlangoni

Njooni mkae, na wewe acha kumfinya mwenzio. Hii si habari ya kuchekea.

Hapo kale wazee wetu hawakuwa na kijiji. Njaa iliwatoa kwao, wakafika chini ya mlima Igunda, kwenye ardhi ya watu. Jumbe wa huko akawapokea, ila akaweka sharti: kila nyumba isizidi watu watatu. Basi wakawa wanafichana. Aliyezidi alikaa chumba cha nyuma, hata jirani asijue, na watoto walifundishwa kusema, "Ni sisi tu." Maskini, wakafundishika vizuri mno.

Nyanzala, mjane mwenye watoto wawili, alimficha mama yake, Bi Kalunde. Siku moja akaenda kutafuta chumvi, safari ya siku mbili. Huku nyuma mvua ikanyesha hadi mlima ukameguka, na kulipokucha nyumba nyingi zilikuwa chini ya tope. Wenyeji na wahamiaji wakachimba pamoja. Watoto wa Nyanzala wakatolewa wazima, wakaulizwa, "Kuna mwingine ndani?"

Milembe, yule mkubwa, akamtazama jumbe usoni, akasema, "Hakuna. Ni sisi tu."

Wachimbaji wakahamia nyumba nyingine.

Nyanzala aliporudi kesho yake aliwakumbatia wanawe, kisha akauliza, "Na mama yuko wapi?"

"Mama gani?" jirani akashangaa.

Lo! Akaanza kufukua kwa kucha, na watu wote wakamsaidia. Walimkuta Bi Kalunde ameegemea mlango, mwili ungali na joto. Milembe alilia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyethubutu kumkemea. Mimi mwenyewe roho inaniuma ninaposimulia.

Jumbe alilifuta sharti lake palepale kaburini. Wahamiaji wakajigawa: hawa wakate miti, hawa wakande udongo, hawa wapike. Nyumba zikajengwa huku kwenye mwinuko, mbali na mteremko wa mlima. Ya kwanza ilipoezekwa, Nyanzala alisimama mlangoni akayaita majina ya watu wake kwa sauti kuu, akianza na la mama yake. Jirani akaitikia, "Tumemsikia."

Na tangu siku hiyo, kila jua linapotua, sisi watu wa Igunda husimama mlangoni tukawaita wote waliomo ndani, hata mgeni wa siku moja, na jirani huitikia. Kila nyumba huanza na Kalunde, kwa sababu alipokuwa hai chini ya tope, hakuna aliyemwita.