King'ora cha Otilia na Bakuli la Wali Mpya

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema na fisi kujibu, bali zamani ya juzi ambayo mbegu yake bado imo ghalani, palikuwa na kijiji kiitwacho Mlengani. Watu wa Mlengani walilima mpunga, na mpunga una adui mwenye mabawa: kwelea. Wakishuka asubuhi, elfu kwa elfu, jaruba zima hubaki mabua. Basi kila msimu wanawake walipanda madungu yao, vichanja virefu vya miti, wakapiga madebe na kupiga kelele mpaka koo zikakauka. Kazi hiyo huitwa kuamia.

Mlengani walikuwa na desturi. Mpunga wa kwanza ukishatwangwa, hupikwa wali, ukapakuliwa bakuli moja la mti. Bakuli hilo hupewa mwanamke mmoja tu, yule aliyewalinda wenzake kuliko wote msimu ule. Halimegwi, halipewi wawili. Mwenye bakuli akipita njiani hupishwa, na akisema mkutanoni husikilizwa mwaka mzima.

Otilia hakuwahi kusikilizwa hata siku moja. Alikuwa mama kijana, mtoto wake wa kwanza hajaanza kutambaa, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayesali peke yake. Wifi yake Prisila, mwenye sauti ya kuvuka mto, alimtania kila asubuhi.

"Wifi, wewe ukiamia, kwelea wanakusogelea na kuuliza, 'Samahani mama, umesemaje?'"

Wanawake walicheka. Otilia naye alicheka, akiinamisha uso.

Sasa, kutoka kijijini kwenda majarubani kulikuwa na njia moja, na njia hiyo ilipita katikati ya mfereji na matete. Mwaka ule mtu akaanza kujificha katika matete. Mwanamke wa kwanza alivutwa khanga, akaiacha na kukimbia. Wa pili alishikwa mkono, akang'ata, akapona. Walipokwenda ofisi ya kijiji, mwenyekiti alisema bila kunyanyuka kitini, "Mama zangu, hayo ni matete yanacheza na upepo."

Wanawake hawakubishana naye. Walimwita Redempta, binti wa pale pale Mlengani, aliyewahi kuwa mgambo. Redempta akaja na mfuko wa ving'ora kumi na viwili vya plastiki, vya rangi ya chungwa, kila kimoja kidogo kama kiberiti, chenye pini na kamba. Ukichomoa pini, kinalia. Hakinyamazi mpaka pini irudi.

Kila Jumamosi aliwafundisha ndani ya ghala.

"Hiki hakipigani," alisema. "Kinaita watu tu. Wa kupigana ni wewe, mpaka watu wafike. Akikushika mkono, utauzungusha upande gani?"

"Upande wa dole gumba lake!"

"Kwa nini?"

"Ndipo mshiko ulipo dhaifu!"

"Kisha?"

"Chomoa, tupa, kimbia!"

"Mbona utupe?"

"Ukikishika atakunyang'anya, akizime!"

Akawapa na sheria moja: njia ya matete ipitwe wawili wawili.

Otilia alijifunza kimya kimya. Nyumbani, mtoto akilala, alisimama mbele ya mlango na kuzungusha mkono. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Bibi Mwahija, jirani yake mzee ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha kazi, alimwona akiwa uani kwake, akacheka mpaka ukili anaosuka ukamtoka mikononi.

"Mjukuu wangu, unafukuza nzi? Sisi tulikuwa na debe. Debe halina betri!"

Halafu kwelea wakaja.

Walikuja wengi kuliko mwaka wowote. Siku ya tatu Prisila, koo limemkauka juu ya dungu, alitazama kidude cha chungwa kifuani pake. Akachomoa pini. Weee! Wingu zima la ndege likainuka na kukimbia.

"Jamani!" alipiga kelele. "Dawa hii hapa!"

Kesho yake dungu la pili likalia, keshokutwa la tano. Baada ya juma moja majaruba yote yalikuwa yanalia tangu jua linapochomoza, na mpunga ukasalimika. Redempta alikuja akiwa amekasirika.

"Mnakizoesha uongo! Siku kikisema kweli, nani atainua kichwa?"

"Mwalimu," Prisila alimjibu, "watoto hawali mafunzo. Wanakula wali."

Redempta akafunga mfuko wake, akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Mmoja tu hakukitumia kwa ndege. Otilia aliendelea na kopo lake la mawe, akilitikisa mpaka mabega yakamuuma. Hakuwa akishindana na mtu. Aliona haya kupiga kelele kubwa namna ile mbele za watu. Ndivyo betri yake ilivyobaki nzima, huku ving'ora vya wenzake vikianza kukwaruza kwa kuishiwa.

Asubuhi moja, umande ukingali juu ya majani, Otilia alimwachia mama mkwe mtoto, akajitwika uji wa waamiaji. Alipofika mlangoni kwa Prisila alisimama. Alikumbuka utani wa jana yake, jinsi wote walivyocheka, na mkono wake uliokwisha kuinuka kubisha hodi ukashuka. Akangoja kando mpaka Prisila na mwenzake wakatoka na kutangulia, ndipo akaenda peke yake.

Katikati ya njia, matete yakafunguka. Mtu akamshika mkono wa kulia.

Ndoo ya uji ikaanguka. Moyo wa Otilia ulisimama, lakini mkono wake haukusimama, kwa kuwa mkono ulikwisha kulifanya jambo hili mara mia mbele ya mlango. Ulizunguka upande wa dole gumba, ukatoka. Kiwiko kikapiga mbavu. Akachomoa, akatupa, akakimbia.

Weeeeee! Kidude kilianguka ng'ambo ya mfereji, kikalia kwa betri mpya. Yule mtu alisita, akageuka kukitafuta, na Otilia akapata hatua kumi, kumi na tano. Kisha uji uliomlowesha miguu ukamtelezesha. Akaanguka. Mtu akamrukia, akamkamata kifundo cha mguu.

Na huko majarubani? Kumi na mmoja walisikia. Kumi na mmoja walisema, "Leo ndege wamewahi." Hakuna aliyeshuka.

Ila juu ya dungu la mwisho alikaa Bibi Mwahija na ukili wake. Hakusikia chochote. Lakini aliona yangeyange wakiruka kutoka kwenye matete, wote kwa pamoja, kama shuka jeupe lililokung'utwa. Akajiuliza: kwenye matete hakuna mpunga, nani anaamia kule? Akaacha ukili, akachukua debe lake. Ndu, ndu, ndu. Akapumzika. Ndu, ndu, ndu. Tatu tatu, mlio wa tangu enzi za mama zao: mwenzenu anakufa.

Madungu yote yakatikisika kwa kushuka. Mbele yao alikuwa Prisila, amepandisha khanga, anakanyaga maji kama nyati. Alimkuta wifi yake yuko chini, anampiga yule mtu usoni kwa kisigino cha mguu uliobaki huru. Prisila alimwangukia mtu yule kwa uzito wake wote, akamkandamiza topeni, akamshikilia mpaka wenzake wakafika. Walimfunga kwa khanga zao wenyewe.

Wakampeleka ofisi ya kijiji kwa mguu, wanawake kumi na watatu, wametapakaa matope, vichwa juu, wanaimba. Otilia alikuwa katikati, na king'ora alichokiokota ng'ambo ya mfereji bado kinalia mkononi. Alikataa kurudisha pini mpaka wafike. Mwenyekiti alinyanyuka kitini.

"Mheshimiwa," Prisila alimwambia, "tumekuletea upepo. Huu hapa, tumeufunga."

Mavuno yakaisha. Wali mpya ukapikwa. Redempta naye akarudi, ameketi mkekani na wenzake. Bakuli likawekwa mikononi mwa Otilia, wakamwambia, "Aliyepona ndiye atoe."

Redempta akasema, "Mimi ndiye niliyempa king'ora, na mimi ndiye niliyeufundisha mkono wake. Asingefundishwa angeganda. Nilikasirika nikaondoka, kweli. Lakini nilichofundisha hakikuondoka."

Bibi Mwahija akasema, "Masikio mazima kumi na moja yalisikia yakakaa. Kiziwi mmoja hakusikia akapiga debe. Niliyacheka mafunzo yenu, sikatai. Lakini bila debe langu kidude chenu kingeimba mpaka betri ife."

Prisila akasimama, na siku hiyo sauti yake haikuvuka hata mkeka.

"Mimi ndiye niliyekizoesha uongo. Na utani wangu ndio uliomfanya wifi apite peke yake. Najua. Lakini debe halikamati mtu, na mafunzo yalikuwa yamefika mwisho, mguu umeshikwa. Niliyemwondoa mtu yule juu yake ni mimi, kwa kifua changu. Na kwelea je? Wali huu mnaotaka kula, nani aliwafukuza?"

Ndipo mama mkwe, aliyempakata mjukuu, akauliza, "Na mwenyewe je? Aliyefanya mazoezi mbele ya mlango wangu, aliyekitunza kidude kwa kazi yake, aliyepigana akiwa chini? Ingawa sheria ya wawili wawili aliivunja. Mkwe wangu, sema."

Otilia alisimama na bakuli la moto mikononi. Mvuke ulimpanda usoni. Alifungua kinywa, na sauti ikatoka ndogo vile vile, kama ya mtu anayesali peke yake. Lakini ukimya ulikuwa mkubwa hata waliokaa mwisho kabisa, pale kwenye vinu, walimsikia.

"Jina langu ni la nne? Au la kwanza?" alisema. "Semeni ninyi. Mimi nitasikiliza, kisha nitawaambia kama mmekosea."

Wanasema hapo ndipo ubishi ulipoanza, na Mlengani haujaisha hadi leo. Nanyi mliokaa hapa, msinitazame mimi, wali unapoa. Aliyefundisha, aliyepiga debe, aliyekimbia akamkamata mtu, na aliyechomoa pini: je, nani alistahili bakuli?