Beberu Asiye na Hiari

Beberu wa tajiri Ghalibu alimaliza kunde za mjane Bi Mwanakombo mara tatu mwezi mmoja. Mjane akashitaki kwa wazee, na kwa desturi ya pale, mshitaki ndiye aliyewapikia wote kabla ya shauri kuanza.

Ghalibu alimaliza mabakuli mawili ya supu, akajifuta ndevu.

"Jamani, mwanadamu hana hiari, sembuse beberu! Mungu aliandika kunde zile ziliwe. Nikilipa fidia, nitakuwa nampinga Mungu."

"Kwa hiyo aliyekula hana kosa?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Hata chembe!"

"Na mwenye mali asidai kitu?"

"Akidai, amekufuru!"

Wazee, midomo imejaa nyama, wakakubali: hakuna kosa, hakuna fidia.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanakombo, akimjazia Ghalibu bakuli la tatu. "Basi kunywa kwa amani, bwana. Beberu wako ndiye huyo."

Ghalibu akaruka. "Mwizi wee! Nani alikulazimisha kumchinja? Si ungemfunga kamba tu!"

"Kumbe alikuwa anafungika!" akasema Bi Mwanakombo. "Haya wazee wangu, turudi kwenye kunde zangu."