Ukuta Ambao Hakuna Aliyeugusa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni vuli hii iliyopita, maana mtoto ninayemsimulia hata jino bado hajaota, palikuwa na magofu mahali paitwapo Chungwani. Jumba la mawe na chokaa, lililojengwa na wakubwa ambao leo hata majina yao hakuna ayajuaye. Wakubwa walikufa, paa likaenda, milango ikaenda, kikabaki kisima na ukuta mmoja mrefu umesimama peke yake kama mgeni aliyesahauliwa na wenyeji.

Msimamizi wa magofu, Bwana Khatibu, aliona watu hawaji kutazama mawe matupu, akaanzisha mafunzo ya msimu. Masika, njooni mjifunze kupanda mrehani, mchaichai na mboga. Kipupwe, njooni mjifunze kusuka matenga, na makawa ya kufunikia chakula. Vuli, yote mawili pamoja. Nia yake ilikuwa moja tu, watu waupende ukuta. Na ili waupende bila kuuharibu, akasimamisha ubao: NI MARUFUKU KUGUSA UKUTA.

Watu wakaupenda ukuta. Na ubao wakautii. Balaa lilianzia hapo.

Wa kwanza kutii alikuwa Bi Mize, fundi wa kusuka. Vuli ile fito za matenga hazikuletwa, wanafunzi wake wamekaa mikono mitupu, wanapiga miayo. Juu ya ukuta uliota mkuyu, wenyewe tu, bila kupandwa na mtu, nao mizizi yake imeukumbatia ukuta toka juu mpaka chini. Bi Mize akautazama ubao, akaitazama mizizi.

"Ubao umesema ukuta," akasema. "Mzizi si ukuta."

Akaikata, akaimenya, akasuka tenga kubwa, zuri, gumu, mtu mzima anakaa juu yake halilii. Ukuta hakuugusa.

Wa pili, Bwana Shaame, fundi wa bustani. Uani kuna makaburi ya kale, hapachimbwi. Njiani wageni wanapita, hapachimbwi. Akaona udongo mweusi, laini, chini ya ukuta palepale.

"Udongo si ukuta," akasema.

Akachimba mtaro mrefu, wa kina, akaujaza samadi nusu, akapanda mrehani. Ukuta hakuugusa.

Wa tatu, Time, wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye zamu yake kumwagilia. Na Time mkimsifu mara moja mmekwisha! Mgeni mmoja alimwambia mrehani wako unanukia mpaka barabarani, basi, ndoo asubuhi, ndoo adhuhuri, ndoo jioni, mtaro ukawa kama bonde la mpunga.

"Wifi, mimea itaoza," nikamwambia.

"Kaa na kitalu chako cha kurithi, niache na maji yangu. Mie nimegusa ukuta?"

Hakuugusa. Kweli hakuugusa.

Sasa hicho kitalu cha kurithi. Kiko kando ya kisima, maji matamu yanakipitia, marehemu bibi yangu aliniachia, na mchicha wake ndio chungu chetu mimi na mume wangu. Hakizidi upana wa mikeka miwili, lakini pale Chungwani hakuna aliyekuwa hakimezei mate. Bi Mize alikitaka, Bwana Shaame alikitaka, wifi yangu ndiyo usiseme.

Siku ya balaa nilikuwa napalilia, na wote niliowataja wapo. Mwanangu Makame amelala, nimemweka ndani ya tenga la Bi Mize, kivulini, ukingoni mwa mtaro. Na hapo sikujiamulia mwenyewe, Bwana Khatibu aliniambia kwa kinywa chake, "Mlaze hapo, Mama Makame. Ukuta umesimama miaka mia tano, leo umngoje mwanao ndio uanguke?"

Ulikuwa unamngoja.

Nilisikia kama mtu anamwaga gunia la kokoto. Nikageuka, ukuta hakuna. Vumbi tu. Mkuyu umelala chini, majani juu, mawe juu ya mawe, na tenga silioni, jamani, silioni, silioni! Nikapiga kelele, na kinywa kilisema chenyewe, mimi sikukituma:

"Atakayekuwa sababu ya mwanangu kupona, kitalu changu chake! Cha kisimani! Mmoja huyo, mbele yenu nyote, chake!"

Tukafukua wote, kwa kucha. Tenga tukalikuta ndani ya mtaro, limepinduka mdomo chini, mawe yamelikalia juu nalo halijabonyea. Tukaliinua. Makame yumo, amezama kwenye tope mpaka kifuani, macho wazi. Akatutazama mmoja mmoja. Akapiga chafya.

Nililia mpaka nikatapika.

Bwana Khatibu yeye alikuwa analilia mawe. "Nani?" akauliza. "Nani kaangusha ukuta wangu? Akijulikana, Chungwani hatakanyaga tena. Si mafunzo, si bustani, si kisima."

"Mimi? Kidole sijaweka," akasema Bi Mize.

"Hata kuuegemea sijauegemea," akasema Bwana Shaame.

"Muulize ubao wako," akasema Time.

Basi ukuta umeanguka wenyewe, na watu wote wasafi. Mambo yangeishia hapo. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuja mbio bila viatu, alikuwa amempakata mjukuu anamfuta tope, akanyanyua uso.

"Na nadhiri? Nimeisikia toka njiani. Nadhiri ina mwenyewe, mwanangu. Ikikosa kutolewa, humrudia aliyewekewa."

Nikamtazama Makame.

"Kitalu nakitoa," nikasema. "Nani sababu?"

Hapo ndipo ndimi zilipofunguka.

Bi Mize akatoka mbele. "Mwanangu, mawe yale yalizuiwa na nini? Si tenga? Tenga la fito lingevunjika kama ganda la yai. Lile ni mizizi ya mkuyu, niliyoikata ukutani kwa mkono wangu huu. Nisingeikata, leo mngekuwa mnanunua sanda."

"Tenga lingekuwa juu ungeliona!" akadakia Bwana Shaame. "Jiwe kubwa lile la ukutani, watu wanne hawalibebi! Lilipita juu kwa juu kwa sababu mtoto aliangukia chini, mtaroni. Mtaro nani kauchimba? Mimi, kina cha goti, mpaka kwenye msingi."

"Na kwenye mtaro mkavu angefika mzima?" akauliza Time. "Kichwa cha mtoto mchanga, hata utosi haujafunga? Alitua kwenye tope kama godoro. Na tope ni maji yangu. Ndoo zangu. Mlizokuwa mkizicheka."

Bwana Khatibu machozi yalikuwa yamemkauka, anatikisa kichwa kwa raha. "Endeleeni," akasema. "Mizizi kutoka ukutani, eh. Mpaka kwenye msingi, eh. Ndoo ngapi, binti?"

Wote watatu wakauelewa mtego wake. Lakini hakuna aliyerudisha neno lake, maana kitalu ni kitalu.

"Basi kazi imekuwa nyepesi," akasema Bwana Khatibu. "Mama Makame ataje aliyemponya mtoto. Huyohuyo ndiye aliyeangusha ukuta, nami nitamfukuza."

"Na wewe je?" Time akamgeukia. "Usingetukataza kuugusa, tungeugusa, tungejua kwamba unatikisika!"

"Mimi niliuhifadhi," akasema Bwana Khatibu, amesimama juu ya kifusi.

Nikasema, jamani, nikigawe mara tatu. Bwana Shaame akacheka. "Kwani mwanao ana roho tatu? Umetaja mmoja." Nikasema aliyemponya ni Mungu. Bi Mize akajibu, "Hapana shaka, naye hupitisha kwa mkono wa mtu. Mkono upi?"

Sasa mvua za masika zimeanza. Kitalu kimelala wazi, magugu yamefika magotini, mimi siwezi kukipanda, si changu tena. Nikimtaja Bi Mize, mjane yule, pengine pa kufundisha hana. Nikimtaja Bwana Shaame, watoto wake wanakunywa maji ya kisima kilekile. Nikimtaja wifi, watasema nimempa ndugu, na mume wangu atasema nimemfukuzisha dada yake. Na yeyote nitakayempa atakuwa na kitalu asichoweza kukikanyaga. Nisipompa mtu, Makame akikohoa tu mama mkwe hunitazama. Jana alikohoa. Leo amekohoa tena.

Basi mliokaa mnasikiliza, msitikise vichwa tu, nisaidieni. Tenga lilizuia mawe, mtaro ulimficha, tope lilimpokea. Na mzizi uliokatwa, na msingi uliochimbwa, na maji yaliyomwagwa, ndivyo vilivyomwangushia ukuta. Nadhiri ilisema mmoja. Je, kitalu ni cha nani?