Mlango wa Tano

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo, ya kuku mgonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, kwenye mbuga ya nyasi, alikuwako Nguchiro. Alikuwa mdadisi huyo, hata miguu ya jongoo aliihesabu. Siku moja akamwona Nyuki mdogo. Hana mzinga, hana malkia, hana mwenzake. Yuko peke yake, anachimba ardhi. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Shikamoo, shangazi. Unachimba nini?"

"Marahaba. Nachimba vyumba."

"Vya nani?"

"Vya wageni wangu."

Nyuki akaenda mauani, vuuu! Akarudi na unga wa maua miguuni, vuuu! Akafinyanga donge, akaliweka chumbani, akakaa kidogo, akatoka, akaziba mlango kwa udongo. Leo kimoja, kesho kimoja, hata vikatimia vitano.

"Shangazi, wageni mbona siwaoni? Umefungia nini humo?"

"Ngoja mvua, mwanangu, utaona. Mimi sitakuwepo. Niangalizie milango."

"Nitaiangalia, shangazi."

Kesho yake Nyuki akafa. Maisha yao mafupi. Nguchiro akalia, akakaa kulinda. Lakini udadisi, jamani! Siku ya kwanza akanusa. Ya pili akatega sikio. Kimya. Ya tatu akajiambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akainama. Akafukua mlango mmoja.

Ndani, juu ya donge la njano, amelala mtoto mweupe, laini, mdogo kuliko punje ya mchele. Jua likampiga. Nguchiro akarudisha udongo mbio mbio. Wapi! Mtoto alikwisha kauka.

Tangu hapo Nguchiro hakubanduka. Siafu wakija, anawafukuza. Nyati wakipita, anawapigia kelele. Kiangazi kizima, mpaka akakonda.

Mvua ikanyesha. Pu! Mlango ukapasuka. Pu! Pu! Pu! Wakatoka nyuki wanne.

"Shikamoo, mjomba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Amekufa, wanangu. Aliniachia niwalinde."

"Ahsante, mjomba." Mdogo wao akatazama chini. "Milango ni mitano. Mbona tumetoka wanne?"

Nguchiro, bingwa wa kuuliza, leo kaulizwa yeye. Machozi yakamtoka. Akasema, "Nilitaka kujua."

Watoto wangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufukua kabla jibu halijaiva.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mlango wa tano. Anayepita karibu, apite taratibu.