Beseni la Maua na Mche wa Mkilua

Mpenda beseni huzika mche. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Bwana Hatibu, aliyekataa kupanua mlango wa nakshi wa babu yake ili mwanawe apite na kiti chake cha magurudumu. Mkacheka, kwa kuwa pale hapakuwa na beseni wala mche. Haya, tulieni, na mwenye haraka atangulie. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Pangani, na aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa na nia ya kutunga methali.

Palikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Mwanakombo. Ua wa nyumba yake ulikuwa saruji tupu, hapakuwa na pa kuchimba hata shimo la kisamvu. Kwa hiyo alipanda kwenye vyombo vilivyochoka: makopo ya maziwa ya unga, madebe ya mafuta ya kula, ndoo zilizokatika mikono, sufuria zilizokwisha kazi jikoni. Humo alikuwa na mrehani, mchicha, pilipili na asumini, na wanawake wa mtaa mzima walikwenda kwake kujifunza.

Alikuwa mkali kwelikweli. Ukimpelekea kopo, hakuuliza unataka kupanda nini, aliuliza kwanza lilikuwa limewekwa nini. Ukisema mafuta ya kupikia, alikuagiza ulioshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha ulianike juani. Ukisema rangi, alikuruhusu upande maua, mboga marufuku. Ukisema dawa ya kuulia wadudu, ulirudishwa nalo kutoka mlangoni. Alikuwa akisema kwamba kopo la sumu hata ulioshe mwaka mzima, mchicha utakunywa na wewe utakula.

Kopo likishapita mtihani huo, alilipindua, akachukua nyundo na msumari, akatoboa matundu matano chini. Wapo waliolalamika kwamba kopo lao zuri limeharibiwa. Bi Mwanakombo hakuwajali. Maji yakikosa pa kutokea huoza, na mizizi huoza nayo, basi. Jirani yake Siwema, aliyeshinda pale kila siku akimsaidia kuchanganya udongo na samadi, alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka akayachoka.

Mwaka mmoja nyumba ya marehemu mama yake Bi Mwanakombo ilibomolewa kupisha barabara, na mkilua uliokuwa uani ukang'olewa. Msioujua, huo ni mti wa maua ya manukato, ambayo mama zetu huyatia kwenye vikuba, vile vifurushi vya maua wanavyovaa kifuani. Mkilua wa mama huyo ulinukia hadi mtaa wa pili. Chini yake palikuwa pameota mche mmoja tu, wenye majani manne.

Mabinti walikuwa wawili, na urithi ulikuwa mdogo, wakagawana bila kugombana. Bi Mwanakombo alichukua beseni la bati, jeupe, lenye maua mekundu na ukingo wa buluu, ambalo mama yao aliwaogeshea walipokuwa wachanga. Mdogo wake Mishi, aliyeolewa Muheza, alichukua ule mche. Lakini Mishi alijijua. Hakuwa na mkono wa kupanda, hata muhogo ulimshinda. Akamwachia dada yake amlelee mche mpaka ukomae, ndipo aje auchukue. Ilikuwa amana, na Bi Mwanakombo aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa hapo ndipo fundi alipokosea. Aliona hapana chombo kinachoufaa mkilua wa mama isipokuwa beseni la mama. Aliliosha, akalijaza udongo mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akaupanda mche katikati. Nyundo ilikuwa kando yake na msumari ulikuwa kando yake. Alilipindua lile beseni kabla ya kulijaza, akaliangalia, na mkono ukakataa. Akatandaza kokoto chini, akajiambia kwamba maji yatajificha humo.

Kiangazi kizima mche ulichanua majani. Bi Mwanakombo alikuwa akiumwagilia kikombe kimoja kwa siku, kwa kipimo, na jua lilimsaidia. Wanawake walikwenda kuutazama na kuusifu pamoja na beseni lake, naye alifurahi sana. Kisha masika yakaingia. Wiki ya pili majani ya chini yakawa manjano. Siwema aliingiza kidole kwenye udongo, kikatoka na tope linalonuka. Akamsihi atoboe. Bi Mwanakombo akakataa. Siwema akasema basi, wauhamishie kwenye debe. Akajibiwa kwamba mkilua haupendi kusumbuliwa, na ukiuhamisha ukiwa mgonjwa ndiyo umeuua. Jambo hilo ni kweli, ndiyo maana lilikuwa kisingizio kizuri.

Akalisogeza beseni chini ya upenu. Akaliinamisha kumwaga maji, yakatoka kidogo na udongo ukatoka mwingi. Mara mbili alishika msumari, na mara mbili aliurudisha kwenye kopo lake. Aliogopa, na hakuona haya kumwambia Siwema kwamba anaogopa: akilitoboa, ataona kama amemzika mama mara ya pili.

Mche ukafa mwishoni mwa mwezi. Alipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, ikamomonyoka mkononi.

Akatuma habari Muheza. Mishi akaja, akaketi mkekani, akauliza jambo moja tu.

"Dada, ulitoboa?"

"Sikutoboa."

"Makopo ya mji mzima unatoboa wewe."

"Lile lilikuwa la mama, Mishi. Alituogeshea humo."

"Hata mimi niliogeshwa humo," Mishi akasema. "Na mche nao ulikuwa wa mama. Huo ndio uliokuwa hai."

Siwema, aliyekuwa akichekecha udongo pembeni, anasema alitamani ardhi immeze, ingawa kosa halikuwa lake. Mishi hakupaza sauti wala hakulia. Aliitazama ile mizizi iliyolala kwenye gazeti, kisha akasema taratibu:

"Mpenda beseni huzika mche."

Bi Mwanakombo akainuka, akalifuta lile beseni kwa upande wa khanga yake, likang'aa, halina hata mkwaruzo. Akalileta na kuliweka mbele ya mdogo wake.

"Lichukue wewe. Mimi silistahili."

Mishi akalisukuma nyuma taratibu.

"Nikapande nini humo, dada?"

Mkilua wa mama yao haukuwa na mche mwingine popote. Mishi akarudi Muheza jioni ile mikono mitupu. Siwema ndiye aliyeyatoa maneno yale nje ya ua, na watu wakayapokea, kwa sababu kila nyumba ina kitu kinachoonewa huruma kuliko kilichomo ndani yake. Wanangu, mkiambiwa maneno hayo siku moja, msiulize beseni liko wapi. Mpenda beseni huzika mche.