Kwa Nini Kombe Ana Macho Mdomoni

Kombe wa zamani, yule mnyama wa baharini wa magamba mawili, hakuwa na macho. Alilala mchangani kama kisahani kilichofunikwa kwa kisahani kingine, asimwone anayempita juu wala anayemjia ubavuni. Na ua la mwamba, kile kinyama laini chenye vidole vingi kinachoganda kwenye jiwe, halikumshika mtu. Ukiligusa, lilinywea tu.

Zama hizo, katika kijiji kimoja cha pwani, Mize aliishi na mkwewe, Bi Mwatima. Maji ya bahari yakitoka, Bi Mwatima ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka miambani na kikapu chake, shanga za buluu zikimlia miguuni. Ndiye pia aliyembeba mtoto wa Mize alipougua homa, akizunguka naye uani ili mama yake apate usingizi. Mize hakuusahau wema ule.

Kisha miguu ya Bi Mwatima ikavimba, magoti yakakataa. Akawa mtu wa kukaa mkekani. Kila alicholetewa alikionja, akakisukuma kando. "Nimeshiba, mwanangu," husema, na huku mifupa ya mabega inazidi kutokeza.

Mize aliogopa. Akawaza, kama mama hawezi kwenda baharini, basi bahari na ije kwa mama. Uani palikuwa na birika la chokaa la kuwekea maji, lisilotumika. Akaziba nyufa zake, akamwaga mchanga, akateka maji ya bahari kwa mtungi. Ndani akateremsha jiwe dogo lenye ua lake, na kombe mmoja.

Jirani yao, Tatu, akachungulia. "Shoga, wenzio tunafuga kuku, wewe umefuga mawe! Yatataga lini?"

"Yakitaga nitakuletea ukaange," Mize akajibu.

Bi Mwatima akacheka, na jioni ile akala tonge kadhaa.

Mize akalitunza birika kama anavyotunzwa mtoto mchanga. Kila asubuhi aliyabadilisha maji, akiyachuja kwa kitambaa cheupe hadi yang'ae. Ua alililisha vipande vya kamba wa baharini. Bi Mwatima alipoomba, "Niache nitie miguu kidogo," Mize alimkatalia kwa upole: "Utawachafulia maji, mama." Na uji wa mkwewe aliuchuja vivyo hivyo. Nazi hakumwachia akune, dagaa hakumwachia achambue. "Wewe pumzika tu, mama."

Ua likachanua, lakini kombe akadhoofu. Alibaki mdomo wazi, na akiguswa alichelewa kufunga. Bi Mwatima naye akarudia kusukuma sahani. Mize aliwaona wote wawili wanamponyoka, asijue kosa liko wapi. Akazidisha kuchuja.

Asubuhi moja alirudi na mtungi kichwani, akamkuta Bi Mwatima amejikokota hadi ukingoni mwa birika. Miguu yake yenye vumbi ilikuwa majini, inavuruga mchanga. Maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Uzi wa shanga zake umekatika, shanga zimezama.

"Mama! Umewaua!"

"Nimewapikia," alisema Bi Mwatima. "Baharini nani anayewachujia maji? Wimbi linavuruga, nao wanakula kilichovurugwa. Njoo utazame."

Kombe alikuwa amefunguka wazi, anakunywa ule uchafu kwa pupa. Alipoyafumba magamba yake alizibana shanga zilizomzunguka, nazo zikaganda mdomoni mwake, safu nzima, zikawa macho. Kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa kidole gumba cha mguu wa Bi Mwatima. Pa! Akapiga magamba akaruka. Pa! Pa! Akaogelea hadi upande wa pili.

Bi Mwatima alicheka hadi machozi yakamtoka. Akachukua kipande cha kamba akalipelekea ua, nalo likamng'ang'ania kidole. "He! Huyu naye hataki niondoke!"

Mize aliutua mtungi. Akakaa kando ya mkwewe, akatia miguu yake majini.

"Mwanangu," Bi Mwatima akasema, "niletee mbuzi nikune nazi. Na uji wangu leo usiuchuje."

Siku ile alikula hadi akakomba bakuli. Ilipofika bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali, alishuka pwani taratibu, mkono wake begani kwa Mize, wakawarudisha wageni wao miambani.

"Na shanga zako, mama?"

"Mwache nazo. Mimi nimeshaona mengi."

Na tangu siku hiyo kombe ana macho ya buluu mdomoni, na akiona kivuli hupiga magamba akakimbia. Ua la mwamba nalo humshika kidole anayeligusa. Wanawake wa pwani ile, kabla ya kuondoka kwenye dimbwi, huvuruga mchanga kwa mguu, ili wanaobaki nao wale. Na mkwe akizeeka katika nyumba zao, hawamnyang'anyi mbuzi ya nazi.