Kiboko Kimetolewa Majini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia nusu. Wale wa nyuma bado mnatafuna. Haya, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo.

Hapo zamani za kale jua liliwaka, likawaka, likasahau kuzima. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na wanyama wote wakahamia hapo. Upande mmoja wa bwawa palikuwa na mkuyu, na chini ya mkuyu palikuwa na dimbwi lenye kina na kivuli. Hapo ndipo alipokaa Bi Kiboko na mwanawe. Siku alipozaliwa, mtoto alidondoka majini, chubwi! Basi wakamwita Chubwi.

Mjue jambo moja kuhusu kiboko. Yeye na jua hawapatani. Ngozi yake ikikosa maji hukauka, na ikikauka hupasuka pa, pa, pa, mithili ya tope la kiangazi. Mkubwa huvumilia. Mtoto hawezi.

Mkubwa wa bwawa alikuwa Simba. Hakupenda kuitwa mfalme. Alisema ufalme ni mambo ya kizamani, yeye aitwe kiongozi. Karani wake alikuwa Nguchiro, mwandiko mzuri, mkono mvivu.

Siku moja ilifanyika karamu. Kesho yake asubuhi bwawa lilikuwa limejaa takataka zinaelea. Simba akamwita karani, akamwambia vitu vyote vitolewe majini: vibuyu, vikapu, vikombe, vijiti. Nguchiro akachukua gome la mti akaanza kuandika. Vi, vi, vi, vi. Mkono ukachoka. Akaona ya nini yote haya, akafupisha. Akaandika: "Vi- vyote, nje."

Mchana akapanda jiwe akasoma. Wasaidizi wake, ngiri wawili wasiouliza swali, wakaingia majini. Wakatoa vibuyu. Wakatoa vikapu. Kisha wakaendelea kusoma lile gome. Wakatoa vicheche. Wakatoa vinyonga. Wakasukuma vifaru. Halafu wakasimama mbele ya Bi Kiboko.

Bi Kiboko akauliza kulikoni. Wakamwuliza, wingi wake ni nini. Akasema viboko. Wakamwonyesha gome.

"Lakini mimi si kitu," akasema Bi Kiboko.

Nguchiro akakuna kichwa. Hapo, wasikilizaji wangu, alijua kabisa kwamba amekosea. Lakini karani akikubali kosa, kazi hana. Akakohoa.

"Kiboko ni nini?" akasema. "Ni fimbo ya kuchapia. Umeona wapi fimbo inaoga?"

Wakamtoa. Na Chubwi wakamtoa, wakamwandika kitoto.

Habari zikamfikia Simba akiwa ameshiba, jicho moja limelala. Akauliza kama kweli alisema hivyo. Nguchiro akajibu kwamba alisema. Simba akasema, basi amesema, na kiongozi hasemi mara mbili. Akalala na jicho la pili.

Wale wote wakapelekwa ghalani, pamoja na vyombo. Kicheche wakamtundika kwenye kijiti, kando ya kibuyu. Kifaru wakampakia vikapu mgongoni, maana kitu huwekwa juu ya kitu. Kinyonga alikalia kikapu akageuka rangi ya kikapu, akasema heri mimi, hawanioni. Akabebwa siku tatu akiwa na mihogo. Alijaribu rangi zote alizojaliwa, kijani, kahawia, hata rangi ya simba. Wakamwambia rangi haina shida, baba. Shida ni ki.

Wewe uliye karibu na mlango, usicheke. Bado.

Kima naye alikuwa amekamatwa. Akaja mbio na hoja: wingi wake si vima, ni kima vilevile. Kima mmoja, kima kumi. Nguchiro akatafuta gome lake, akakuta kweli. Kima akaachiwa. Na tangu siku hiyo hakuna aliyewarushia wenzake wa ghalani kokwa kwa nguvu kumshinda Kima.

Kisha zikatafutwa sababu. Sheria ilitangulia, sababu zikaifuata nyuma zikihema. Korongo, aliyesifika kwa elimu, akasimama kwa mguu mmoja akathibitisha kwamba damu ya vi- ni nzito, ndiyo maana haina kiu. Alisema amechunguza mwenyewe. Alichunguza akiwa ng'ambo, macho amefumba.

Lakini lililomuuma Bi Kiboko si Korongo. Lililomuuma ni Bi Nyati.

Bi Nyati alikuwa jirani yake. Walikuwa wakisuguana migongo, wakipeana habari za watoto. Siku ya kwanza Bi Nyati alimpitia ghalani, akasema kwa huruma, "Maskini, kiboko amelala nje." Siku ya tatu akasema, "Kiboko kimelala nje." Siku ya saba akawauliza ngiri, "Hiki nacho kitakaa hapa mpaka lini?" Siku ya nane alikuwa amehamia kwenye dimbwi la mkuyuni, yeye na ndama wake. Alisema ni vibaya nafasi nzuri ikae bure.

Bi Kiboko akawa anapewa maji kwa kifuu, asubuhi moja, jioni moja. Yeye hanywi, anampaka mwanawe. Anampaka mgongoni, tumboni panakauka. Anampaka tumboni, mgongoni panapasuka. Pa. Chubwi akaacha kucheza. Akaacha kulia. Bi Kiboko aliogopa sana alipoacha kulia, kwa sababu mtoto anayelia bado ana maji.

Kila asubuhi Nguchiro alipanda jiwe na kutangaza, "Kiongozi ameamka!" Kila asubuhi Bi Kiboko alimsikia na hakumsikiliza. Asubuhi moja akamsikiliza. Kifuu kikamponyoka. Akacheka ho, ho, ho, mpaka kicheche akadondoka kwenye kijiti chake.

Akambeba Chubwi mgongoni. Akatoka ghalani, kishindo tu, du, du, du, mpaka barazani kwa Simba. Wanyama wote, na Simba mwenyewe, walikuwa majini wanapoa. Ngiri wakasema kitu kimetembea. Simba akafungua jicho moja.

"Sikuja kubishana," akasema Bi Kiboko. "Nimekuja kuitii sheria. Karani, yeyote ambaye wingi wake ni vi-, aende wapi?"

"Nje," akasema Nguchiro.

"Wingi wa kiongozi?"

Nguchiro akatazama gome.

"Viongozi," akanong'ona.

Simba akafungua jicho la pili.

"Na sisi sote tulioumbwa," akaendelea Bi Kiboko, "wenye mikia na wasio na mikia, mmoja wetu huitwaje?"

"Kiumbe."

"Na wengi?"

Nguchiro akalificha gome mgongoni. Lakini wote walikwisha kulijua jibu: viumbe.

Sasa tazameni upumbavu. Mngedhani sheria itatupwa palepale. Thubutu! Kiongozi hasemi mara mbili. Simba akainuka kwa heshima zake zote akatoka majini. Twiga akatoka. Tembo akatoka. Nyati akatoka akimvuta ndama. Kima akatoka huku akipiga kelele kwamba yeye si vima, wakamwambia lakini ni kiumbe, toka. Vyura wakatoka mmoja mmoja. Bwawani wakabaki mawe na matope, maana wao ni ma-.

Wakakaa ukingoni juani. Saa moja. Saa mbili. Ulimi wa Simba ukafika kifuani. Korongo akasema hajawahi kuona damu nzito ikiwa na kiu kiasi hiki, inabidi achunguze upya. Saa ya tatu Simba akalichukua lile gome, akalitafuna, akalimeza. Sheria imekwisha.

Mbio! Wote wakatumbukia majini. Bi Kiboko, mwenye mtoto mgongoni, akafika wa mwisho. Akakuta kila mmoja amerudi pale alipokuwa jana. Dimbwini, chini ya mkuyu, amelala Bi Nyati.

"Karibu, dada," akasema Bi Nyati. "Umetupigania sana. Sheria imeondoka, tushukuru. Pale kwenye tope pana nafasi."

"Hapa ni kwangu."

"Palikuwa kwako. Mwanangu amekwisha pazoea. Tusianze kuyafukua ya zamani, dada."

Bi Kiboko akamtazama. "Uliponiita kitu ulilala kitandani kwangu," akasema. "Leo umeniita dada, na kitandani hujatoka."

Hakungoja jibu. Akaingia na mwili wake wote, chubwi! Maji yakapanda, Bi Nyati akasukumwa kiasi cha pembe moja. Pembe moja tu. Chubwi akaingia kwenye upenyo ule. Akazama. Mama yake akahesabu pumzi. Kisha puu, pua mbili ndogo zikaibuka, na mtoto akalia kwa nguvu, na mama akalia naye.

Ndiyo maana kiboko mpaka leo hushinda majini, macho tu nje na masikio. Anaogopa akitoka atakuta mtu amelala mahali pake. Kifaru yeye alipata tope, na topeni yumo hadi sasa. Kinyonga hunywa umande, bwawani hakurudi. Kicheche ananuka, na mimi simlaumu.

Funzo lake ni hili. Ubaguzi huanza kwa neno la kijinga, lakini huishi kwa sababu kuna aliyepata kivuli. Ukifuta sheria na usirudishe dimbwi, umempa mwenye kiu habari za maji.

Hadithi yangu inakomea hapa ukingoni. Anayeondoka, atazame kwanza amekalia nafasi ya nani.